Juzi Tuliuza Kiasi Gani?

Katika kikao cha Jumatatu asubuhi mkurugenzi aliuliza swali dogo: juzi tuliuza kiasi gani? Meneja mauzo akachungulia simu yake, akataja kiasi. Mhasibu akatikisa kichwa, akataja kiasi pungufu. Mtunza stoo, mama mtu mzima aliyekuwa ameitwa kikaoni kwa shauri jingine kabisa, akasema kwamba kwa daftari lake yeye, mzigo uliotoka juzi ulikuwa mdogo kuliko wanavyodhani wote wawili.

Hakuna aliyedanganya. Meneja alihesabu oda ambazo vijana wake wa ruti walizileta. Mhasibu alihesabu risiti zilizotoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, tena baada ya kuondoa VAT. Mama wa stoo alihesabu katoni zilizopita mlangoni pake. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na kila daftari lilisema kweli. Wahenga walituonya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia ni daftari la nani.

Kikao kile ndicho kilichozaa mradi wa dashibodi ya mauzo, yaani ukurasa wa kompyuta wenye grafu za mauzo, niliokabidhiwa kuusimamia. Kampuni, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa ikisambaza sabuni, mafuta ya kupikia na vinywaji kutoka Dar es Salaam kwenda maghala madogo ya mikoani. Andiko la mradi lilikuwa la kurasa nne na lilisomeka vizuri: wiki ya kwanza kukusanya data, ya pili kuisafisha, ya tatu kuchora, ya nne kufundisha watumiaji, ya tano kuzindua. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika. Kila nikiisoma ile wiki moja ya kusafisha data, huwa nacheka peke yangu.

Programu haikuwa tatizo. Wazo la mtambo unaokusanya habari za biashara na kuzifikisha kwa anayezihitaji ni la zamani. Hans Peter Luhn, mtafiti wa IBM, aliliandikia makala mwaka 1958, enzi ambazo kompyuta moja ilijaza chumba. Tableau, kampuni ya programu za kuchorea data, ilianzishwa mwaka 2003 na watu waliotokea Chuo Kikuu cha Stanford. Microsoft iliitoa Power BI, programu ya aina hiyohiyo, rasmi mwaka 2015, na leo mwenye kompyuta ya Windows anaweza kupakua toleo la kuchorea bila kulipa hata senti. Gharama huanza pale unapotaka wenzako nao waione kazi yako: leseni ya Pro ilikuwa dola 10 kwa mtumiaji mmoja kwa mwezi, ikapanda hadi dola 14 mwezi Aprili 2025. Watumiaji 20 ni dola 280 kila mwezi, pesa inayouma lakini inayolipika. Zipo na za bure, kama Metabase na Apache Superset, kwa aliye na fundi wa kuziweka na kuzitunza. Grafu yangu ya kwanza ya mauzo kwa mwezi niliichora kwa dakika kumi. Ilikuwa grafu nzuri, na ilikuwa ya uongo.

Neno dashibodi tumelizoea kwenye magari, lakini huko lilikotoka katika Kiingereza lilianzia kwenye magari ya farasi. Ulikuwa ubao uliowekwa mbele ya mwendeshaji, umkinge na tope linalorushwa na kwato. Maana hiyo ya zamani ndiyo iliyonifaa, maana miezi yangu ya kwanza ilikuwa ya tope tupu.

Sabuni ya mche peke yake ilikuwa na majina chungu nzima: Sabuni Mche, S/Mche, Mche wa Bluu, sabuni ndefu. Binadamu akisoma anajua ni kitu kimoja. Kompyuta inahesabu bidhaa nne. Wateja nao tuliwajua kwa majina ya watoto wao, kama ilivyo desturi yetu: Mama Asha wa Mabibo, Mama Asha wa Manzese, kisha Mama Asha ambaye karani mpya, kwa heshima zote, alianza kumwandika kwa jina la duka lake. Ukiuliza tuna wateja wangapi, jibu lilitegemea karani aliyekuwa zamu.

Vipimo vilikuwa balaa jingine. Katoni ya mafuta ya lita moja ilikuwa na chupa 12, na ya nusu lita ilikuwa na chupa 24. Ghala moja liliandika katoni, jingine likaandika chupa, na safu moja yenye kichwa “idadi” ikameza yote bila kuuliza. Kwa hesabu hiyo ghala letu dogo kuliko yote likaibuka kinara wa mauzo nchi nzima, na msimamizi wake nusura apewe zawadi.

Tarehe zilikuja na ujanja wake. Karani akiandika 03/04, anamaanisha tarehe tatu ya mwezi wa nne. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Kimarekani inasoma Machi 4, na haisemi kitu. Ikifika 13/04 inakwama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na inauweka mstari huo pembeni kama maneno ya kawaida. Hivyo siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zilitawanyika mwaka mzima, na siku zilizobaki zikatoweka kwenye grafu.

Lakini kilichonifunza zaidi ni saa. Vijana wa kupakia waliandika kwenye daftari la geti muda ambao gari limeondoka: saa 2, saa 3, saa 4 na nusu. Karani alizihamishia kwenye kompyuta kama alivyozikuta. Nilipochora grafu ya mizigo kwa saa, ilionyesha kwamba shughuli zetu zinapamba moto saa nane za usiku, yaani saa 02:00 kwa hesabu ya mashine. Mkurugenzi akashtuka. Nani anafungua stoo usiku wa manane? Ulinzi ukaitwa, mlinzi wa zamu akahojiwa mpaka akatoa jasho. Kumbe mwizi alikuwa lugha mbili za saa zilizokutana kwenye safu moja. Hakuna mwongozo wowote wa programu hizi, kati ya niliyoisoma, unaomtahadharisha mchambuzi kwamba yupo katika nchi ambako saa za mchana huanza kuhesabiwa jua likichomoza.

Mtu asidhani haya ni masaibu ya wenye madaftari tu. Mwezi Oktoba 2020, katikati ya janga la korona, mamlaka ya afya ya jamii ya Uingereza ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa muda wa wiki nzima. Matokeo yao yalikuwa yamehamishwa kupitia mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo hayawezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa kimyakimya, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Zile skrini za takwimu zilizotazamwa na taifa zima ziliendelea kupendeza wiki hiyo yote.

Tulipomaliza kukwangua tope, ndipo tukalifikia jiwe lenyewe. Niliwarudia wale watatu wa kikao cha Jumatatu, nikawauliza: mauzo ni nini?

Walinitazama kama mtu aliyeuliza maji ni nini. Nikaeleza. Sehemu kubwa ya biashara yetu ilikuwa ya mali kauli. Mwenye duka anapewa mzigo kwa neno lake tu, anauza, kisha analipa baada ya wiki mbili au mwezi. Je, mauzo yametokea siku alipoagiza, siku mzigo ulipotoka, siku risiti ilipokatwa, au siku pesa ilipoingia? Na asipolipa, tunasema tuliuza au tuligawa? Zile katoni za nyongeza, nunua kumi upate moja, zinahesabiwa? Bidhaa iliyorudishwa imevuja inapunguza mauzo ya siku iliyorudi au ya siku iliyotoka?

Meneja mauzo alitaka siku ya oda, kwa sababu bonasi za vijana wake zilihesabiwa hapo. Mhasibu alitaka siku ya risiti, na akakumbusha kwamba kwa VAT ya asilimia 18, risiti ya shilingi milioni 118 ni mauzo ya milioni 100 tu. Milioni 18 ni za serikali, sisi tumezishika kwa niaba. Mama wa stoo alisikiliza wote mpaka mwisho.

“Mwanangu,” akaniambia, “mimi naandika kilichotoka mlangoni. Oda ni maneno, na pesa muulize mhasibu. Ila mzigo ukipungua, askari wanamfuata nani?”

Mjadala ule uliopangiwa saa moja ulichukua vikao vitano. Kwenye andiko la mradi haukuwamo kabisa. Nilikuwa nimetenga siku za kuchagua rangi za grafu, lakini sikutenga hata nusu siku ya kukubaliana maana ya neno ambalo lingeandikwa juu ya kila ukurasa.

Wataalamu wa kazi hii walikwisha kutuonya. Ralph Kimball, Mmarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu maghala ya data kimewafunza wengi wetu, anasisitiza kwamba mapema kabisa utamke wazi kila mstari wa jedwali lako unasimamia tukio gani. Sisi tuliishia kukubali kwamba mstari mmoja ni bidhaa moja kwenye risiti moja. Jedwali hilo la matukio likakaa katikati, likazungukwa na majedwali ya maelezo: bidhaa, wateja, maghala, kalenda. Ukiuchora mpangilio huo unafanana na nyota, na ndivyo unavyoitwa.

Faida ya kushuka hadi kwenye mstari mmoja wa risiti huonekana haraka. Chukua maghala mawili. La kwanza limeuza milioni 90 kwa faida ya asilimia 10, la pili limeuza milioni 10 kwa faida ya asilimia 30. Anayejumlisha asilimia na kugawa kwa mbili anapata 20, na mkurugenzi analala usingizi mtamu. Lakini faida halisi ni milioni 9 na milioni 3, jumla milioni 12 katika mauzo ya milioni 100: asilimia 12. Ukihifadhi wastani wa kila ghala umekwisha kupotea. Ukihifadhi risiti, swali lolote linaweza kuulizwa upya na kujibiwa sawasawa.

Siku ya uzinduzi ilifika miezi mitatu baada ya ile iliyoandikwa. Projekta ikawashwa, ukurasa wa kwanza kati ya saba ukajaa ukutani: grafu kumi na mbili, mishale ya kijani na nyekundu, ramani ya mikoa, na kipimo cha duara kama kile cha mwendokasi cha gari. Watu wakapiga makofi. Tukanywa soda.

Wiki ya pili ukurasa ukaganda. Takwimu zilikuwa za Alhamisi na leo ni Jumanne. Mfumo wa uhasibu ulikuwa kwenye kompyuta moja ofisini, na programu ndogo ya kuvusha data kwenda kwenye seva za mbali inahitaji kompyuta hiyo iwe imewashwa muda wote. Kila jioni dada wa usafi, ambaye alikuwa ameagizwa abane umeme, aliizima pamoja na feni. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Suluhisho halikuwa la kiteknolojia: karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, imeandikwa USIZIME, na maongezi ya dakika tano na dada mwenyewe ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ni sehemu ya mradi.

Data ikarudi, lakini watu hawakurudi. Programu hizi humwonyesha msimamizi nani amefungua ripoti na mara ngapi, na kwenye orodha yangu jina lililoongoza lilikuwa langu. Meneja mauzo hakuifungua kabisa. Kila asubuhi alinipigia: “Kaka, nirushie hesabu za jana kwenye WhatsApp.” Mwanzoni nilikasirika. Nimemjengea nyumba, yeye anataka maji ya kunywa dirishani. Nilipoambatana naye siku moja kwenye ruti nikaelewa. Yupo kwenye gari, skrini ya simu ina upana wa kiganja, bando linakwisha, mwenye duka anamsubiri. Grafu kumi na mbili za kumfanyia nini? Anahitaji mambo mawili: jana ilikuwaje, na nani ana deni lililopitiliza.

Tukabomoa. Kurasa saba zikawa moja, na kila saa moja asubuhi ujumbe mfupi wenye mistari michache ukaenda kwenye kundi la wasimamizi. Nilihuzunika kukitupa kile kipimo cha duara, ingawa hakikuwahi kumwambia mtu jambo alilolihitaji.

Kisha takwimu zikaanza kutumiwa, na hapo likaibuka tatizo ambalo mradi uliodharauliwa haulipati. Malengo ya mwezi yalipofungwa kwenye dashibodi, risiti nyingi zikaanza kukatwa siku mbili za mwisho wa mwezi, na marejesho yakamiminika tarehe tatu. Vijana walikuwa wakiwasukumia wateja mzigo ili mstari uwe wa kijani, kisha wanaurudisha. Wachumi wanalijua jambo hili kwa jina la Charles Goodhart, Mwingereza aliyelieleza mwaka 1975: kipimo ukikigeuza kuwa shabaha, kinaacha kupima vizuri.

Na kuna walioumizwa bila kosa. Msimamizi wa ghala moja la pwani aliitwa kujieleza kwa nini mauzo ya Aprili 2025 yameporomoka yakilinganishwa na Aprili 2024. Hayakuporomoka. Mwaka 2024 Idd el-Fitr iliangukia wiki ya pili ya Aprili. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi. Manunuzi ya sikukuu yalikuwa yamehamia mwezi uliotangulia, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko huu wa Januari hadi Desemba. Kila mwenye duka pale pwani alilijua hilo. Kalenda ya programu haikulijua, na mimi niliyeiweka sikuwa nimeifundisha. Tuliongeza safu moja kwenye jedwali la kalenda, Ramadhani na Idd, na barua ya onyo ikachanwa.

Lililougeuza mradi ni jambo nililolifanya kwa kubahatisha. Mama wa stoo alikuwa akiandika kila kitu na hapati chochote. Namba zilipanda juu kwa mabosi, na zilipomrudia zilirudi kama shutuma. Siku moja nikamwuliza angependa yeye aone nini. Akajibu bila kufikiri: “Niambie kinachokaribia kuisha kabla hakijaisha.” Nikamtengenezea orodha fupi ya bidhaa ambazo, kwa kasi ya mauzo ya wiki iliyopita, hazitafika siku tano. Akaichukua, akaibandika ukutani.

Kuanzia wiki hiyo makosa kwenye daftari lake yakapungua, na si kwa sababu nilimfundisha upya. Akiandika chupa badala ya katoni, orodha yake mwenyewe inaharibika na yeye ndiye anayebaki na rafu tupu mbele ya dereva anayepiga honi. Maghala mengine yakasikia, yakaiomba orodha hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini dashibodi nyingi hufa mapema: wanaozilisha hawazili, na wanaozila hawajui zinapikwaje.

Neno moja la sheria kwa anayetaka kuanza. Majina na namba za simu za akina Mama Asha ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kijana wa ruti ya Mbeya hana haja ya kuona madeni ya mteja wa Tanga, na kumzuia asiyaone ni kazi ya nusu saa. Fanyeni kabla ya kuzindua.

Nikiulizwa leo na mwenye kampuni anunue programu ipi, namjibu kwamba yoyote itamfaa, na kwamba bado hajafika kwenye swali hilo. Kwanza awaketishe watu watatu: anayechukua oda, anayekata risiti na anayefungua mlango wa stoo. Awape karatasi moja, waandike maana ya mauzo, na wasitoke mpaka wote watie sahihi. Kisha amuulize yule anayeandika zaidi na kulipwa kidogo kuliko wote, naye angependa kuona nini.

Mkurugenzi wetu bado huuliza lile swali la Jumatatu. Jibu liko juu kabisa ya ukurasa, na halina kiasi kimoja. Lina mistari mitatu: Zilizoagizwa. Zilizotoka. Zilizolipwa.

Mabishano siku hizi yanaanzia hapo, tena yamekuwa mafupi.